SHERIA YA JINAI: MAANA YAKE NA MIPAKA YAKE

Katika madarasa ya itikadi, somo la dola halikawii kufika kwenye sheria, na likifika hapo maswali ya makada hubadilika. Hawaulizi tena nadharia. Wanauliza: Je, mtendaji wa kijiji anaweza kumweka ndani mtu aliyekataa kutoa mchango wa ujenzi wa darasa? Mkulima aliyekopa mbolea akashindwa kulipa ni mwizi? Kijana asiye na kazi anayekutwa akirandaranda mjini amevunja sheria gani? Maswali haya ni ya haki kabisa. Yanaonyesha kwamba wengi wetu tunalitumia neno "jinai" kila siku, katika mikutano na katika barua za ofisi, bila ya kuwa na hakika linaanzia wapi na linaishia wapi. Na kiongozi asiyejua jinai inaishia wapi ni hatari kwa wananchi, hata awe na nia njema namna gani.

Tuanze na maana. Kanuni ya Adhabu, yaani Sura ya 16 ya sheria za Tanzania Bara, inalieleza kosa kuwa ni tendo, jaribio la kutenda, au kuacha kutenda, ambako sheria imekuwekea adhabu. Maelezo haya ni mafupi lakini yamebeba mambo mazito. Kwanza, lazima iwepo sheria. Chuki ya watu, hasira ya kiongozi au desturi ya mahali peke yake haitoshi kuzaa kosa la jinai. Pili, lazima iwepo adhabu iliyotajwa na sheria hiyo. Tatu, ingawa halikuandikwa katika kifungu hicho, anayeshitaki ni jamii nzima kwa kupitia dola yake. Ndiyo maana mashauri ya jinai katika mahakama za juu huandikwa "Jamhuri dhidi ya" fulani. Aliyeibiwa ng'ombe ni shahidi. Mwenye kesi ni Jamhuri. Hata mwenye ng'ombe akisema amesamehe, hilo peke yake haliifuti kesi, ingawa kwa makosa madogo sheria inaipa mahakama nafasi ya kuwapatanisha wahusika.

Jinai na madai

Hapa ndipo mkanganyiko mkubwa ulipo, nasi tutakaa hapa kidogo.

Shauri la madai ni mgogoro wa haki kati ya mtu na mtu, au mtu na shirika: deni, mpaka wa shamba, mkataba uliovunjwa, mirathi. Mdai anamwomba hakimu amrudishie kilicho chake au amlipe fidia. Lengo si kumwadhibu mtu. Kwa hiyo hata kipimo cha ushahidi ni tofauti. Katika madai, upande wenye ushahidi mzito zaidi ndio unaoshinda. Katika jinai, Jamhuri inatakiwa kuthibitisha kosa pasipo kuacha shaka ya maana, kwa sababu kinachowekwa kwenye mizani ni uhuru wa mtu, na kwa baadhi ya makosa ni uhai wake.

Chukua mfano wa chama cha ushirika cha wakulima wa pamba. Mkulima amekopeshwa mbegu na dawa, mvua ikakatika, akavuna magunia mawili, akashindwa kulipa. Huyu ana deni. Hajaiba. Ushirika unaweza kumdai, na ukishinda mahakamani unaweza kukazia hukumu hiyo juu ya mali yake. Ni kweli ipo namna ya kumfunga mdaiwa aliyeshindwa kesi ya madai, lakini ni kwa amri ya mahakama na kwa masharti magumu, na anayegharamia chakula chake gerezani ni yule anayemdai. Sasa mchukue katibu wa ushirika huohuo, aliyepokea fedha za wakulima akazitia mfukoni na kuandika vocha za uongo. Huyu ametenda jinai, tena zaidi ya moja: ameiba akiwa mtumishi, na ameghushi. Lakini kumbuka kwamba kumfunga katibu huyo hakuwarudishii wakulima fedha zao moja kwa moja. Mahakama ya jinai inaweza kuamuru fidia, na isipofanya hivyo, wakulima wanabaki na haki yao ya kumdai. Tendo moja linaweza kuwa na sura zote mbili, jinai na madai, na sura moja haifuti nyingine.

Katika ofisi zetu jambo hili hugeuzwa juu chini mara nyingi. Mkulima mwenye deni ndiye anayelazwa mahabusu ya kata ili "akumbuke kulipa", na katibu aliyeghushi vocha ndiye anayewekwa kikao cha usuluhishi na kuandikiana hati ya kulipa kidogo kidogo. Mnyonge anafanyiwa jinai kwa jambo la madai. Mwenye cheo anafanyiwa madai kwa jambo la jinai. Kada anayeona haya yakitendeka katika tawi lake na kunyamaza hawezi kusema kwamba yeye ni mtetezi wa wavuja jasho.

Tendo na nia

Ili mtu awe na hatia, kwa kawaida yatakiwa mambo mawili yakutane: tendo lililokatazwa na nia ovu. Mawazo peke yake si kosa. Aliyeota kumuua jirani yake, au hata aliyetamani, hana kesi mpaka aanze kutekeleza. Hapo ndipo linapoingia jaribio la kutenda kosa. Vilevile tendo bila nia huweza lisiwe kosa. Kifungu cha 9 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kwamba mtu hana hatia ya kosa linalohusu mali ikiwa alichofanya alikifanya kwa kuamini kwa dhati kwamba ana haki juu ya mali hiyo, bila nia ya kudanganya. Aliyeswaga ng'ombe akiamini ni wake aliyepotea si mwizi, hata kama baadaye alama za masikio zinaonyesha ni wa mwingine. Na aliyevuna mihogo katika shamba lenye mgogoro hapaswi kukimbizwa polisi kama mvamizi kabla haijaamuliwa, kwa shauri la ardhi, shamba ni la nani. Mahakama zetu zimelishikilia jambo hili kwa muda mrefu, lakini migogoro ya ardhi bado inapelekwa vituoni kana kwamba polisi ndio wanaogawa mashamba.

Tofauti ya kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia inasimama juu ya nia hiyohiyo. Maiti ni ileile, msiba ni uleule; lakini kosa la kwanza adhabu yake ni kunyongwa, na la pili adhabu yake ya juu kabisa ni kifungo cha maisha na hakimu ana uhuru wa kushuka chini kadiri anavyoona. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ilitamka kwamba adhabu ya kifo inapingana na Katiba. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili, lakini ikaona kwamba Katiba inairuhusu. Adhabu hiyo imebaki katika vitabu.

Wapo ambao sheria inawahesabu kuwa hawana nia ya jinai au inawawekea mashaka. Mtoto wa chini ya miaka 10 hawezi kuwa na hatia ya jinai. Mwenye kati ya miaka 10 na 12 hana hatia mpaka ithibitishwe kwamba wakati anatenda alikuwa na uwezo wa kutambua kwamba anachofanya ni kibaya. Mwenye ugonjwa wa akili uliomzuia kuelewa atendalo naye ana kinga yake. Ulevi wa kujitakia, hapana. Mlevi asitafute kivuli hapo, isipokuwa kama ulevi wenyewe ulimwondolea uwezo wa kuwa na nia ambayo kosa hilo linaidai.

Nani aliamua nini ni kosa?

Mafundisho ya itikadi yanatutaka tusiitazame sheria kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni. Sheria hutungwa na wenye mamlaka katika jamii, na sheria ya jinai ndiyo mkono mzito kuliko yote ya dola, kwa kuwa nyuma yake wanasimama polisi, magereza na kitanzi.

Kabla ya ukoloni jamii zetu zilijua uovu na zilijua kuuadhibu. Katika jamii nyingi mauaji yalimalizwa kwa ukoo wa muuaji kulipa mifugo kwa ukoo wa marehemu, na pwani Waislamu walikuwa na diya. Mkazo ulikuwa katika kurudisha uhusiano uliovunjika. Hatuyasemi haya ili kuupamba ujima. Fidia hizo zililipwa na ukoo, na mtu asiye na ukoo wenye nguvu, au mtumwa, alikuwa na haki ndogo sana. Lakini ni kweli kwamba gereza, kama adhabu ya kawaida ya kila kosa, tuliletewa.

Wajerumani walitawala kwa kiboko na kamba. Waingereza walipochukua Tanganyika, walianza mwaka 1920 kwa kutumia Kanuni ya Adhabu ya India, kisha mwaka 1930 wakaleta kanuni mpya ambayo asili yake ni kanuni ya Queensland, Australia, ya mwaka 1899. Kwa hiyo sheria iliyotungwa kwa ajili ya walowezi wa upande wa pili wa dunia ilivikwa mkulima wa Usukuma na mvuvi wa Kilwa bila ya yeyote kati yao kuulizwa. Pembeni ya kanuni hiyo zilikuwapo sheria zilizoonyesha waziwazi sura ya mtawala. Sheria ya Mabwana na Watumishi Wenyeji ya mwaka 1923 ilimfanya kibarua aliyetoroka shamba la mkonge kuwa mhalifu wa kufungwa. Mkataba wa kazi ni jambo la madai; lakini kwa kuwa mlowezi alihitaji mikono, uvunjaji wake ukageuzwa kuwa jinai. Sheria nyingine iliruhusu kijiji kizima kuadhibiwa kwa kosa la mtu mmoja.

Na kosa la uzururaji je? Linatokana na sheria za Uingereza za kuwabana maskini walioondoka vijijini. Linamtia mtu hatiani kwa hali yake, kwa kuwa hana kazi na hana maelezo ya kumridhisha askari. Uhuru ulipatikana mwaka 1961, na vifungu hivyo vikabaki. Mwaka 1983 tulitunga Sheria ya Nguvu Kazi, na katika utekelezaji wake vijana walizolewa mitaani Dar es Salaam na kupelekwa vijijini. Lengo lilikuwa kila mtu afanye kazi, nalo ni lengo la ujamaa. Lakini chombo kilichotumika kilikuwa kilekile cha mkoloni. Desemba 4, 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yapo Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji za namna hii zinapingana na Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zinazo wajibu wa kuzirekebisha au kuzifuta. Umaskini si kosa. Inashangaza kwamba ilichukua miaka mingi hivyo kusema jambo ambalo mfuasi yeyote wa Azimio la Arusha alipaswa kulisema kwanza.

Somo la 1983

Hatuwezi kueleza mipaka ya sheria ya jinai katika nchi hii tukaruka kampeni ya wahujumu uchumi. Vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin vya 1978 hadi 1979, bei ya mafuta, na upungufu wa fedha za kigeni vilikuwa vimeikausha nchi. Sabuni, sukari, na nguo vilikuwa adimu, na wapo waliozificha bidhaa hizo ili kuziuza kwa ulanguzi. Machi 1983, chini ya uongozi wa Waziri Mkuu Edward Sokoine, msako ulianza. Wananchi walifurahi, na walikuwa na sababu ya kufurahi.

Lakini tazama kilichotokea upande wa sheria. Watu walikamatwa kwanza. Sheria ilitungwa baadaye, mwezi Aprili, nayo ikarudishwa nyuma ili ifunike yaliyokwisha kutendeka. Likaundwa baraza maalumu la kuwahukumu, nje ya mahakama za kawaida. Mawakili hawakuruhusiwa. Hakukuwa na rufaa mahakamani. Wakati huo wako waliosema kwamba mlanguzi hastahili kulindwa na taratibu za kibepari. Hoja hii ina mvuto, lakini ina kasoro moja kubwa: kabla ya kuhukumiwa, hujui kama aliye mbele yako ni mlanguzi. Taratibu zile hazikuwekwa kwa ajili ya mlanguzi. Ziliwekwa kwa ajili ya yule mwenye duka dogo ambaye jirani yake mwenye wivu amempigia simu mkuu wa kituo.

Sheria hiyo haikuishi sana. Mwaka 1984 ilifutwa na kuwekwa Sheria ya Makosa ya Uhujumu Uchumi, iliyorudisha mashauri hayo Mahakama Kuu. Mwaka huohuo Katiba ilirekebishwa na kuingizwa haki za msingi. Ibara ya 13(6) inasema mambo mawili ambayo kila kada hana budi kuyajua kama anavyojua kadi yake ya uanachama: kwamba mtu aliyeshitakiwa asitendewe kama mwenye kosa mpaka ithibitike kuwa anayo hatia, na kwamba mtu asiadhibiwe kwa tendo ambalo alipolitenda halikuwa kosa, wala asipewe adhabu kubwa kuliko iliyokuwapo wakati ule. Huo ndio mpaka wa sheria ya jinai katika wakati: inatazama mbele, haigeuki nyuma.

Mipaka mingine tutaipitia kwa haraka. Kwa mahali, Sura ya 16 ni ya Tanzania Bara; Zanzibar ina sheria yake ya adhabu, na ndiyo maana umri au adhabu inaweza kutofautiana ukivuka bahari. Raia anaweza kushitakiwa hapa kwa kosa alilolitenda nje ya nchi. Kwa watu, Rais aliye madarakani hashitakiwi kwa jinai, na mabalozi wa nchi za nje wana kinga yao. Kwa mambo, dhambi ni ya dini, na utovu wa adabu ni wa wazee. Ukiukaji wa miiko ya uongozi ni wa Chama na vyombo vya maadili. Chama kinaweza kumwonya mwanachama, kumsimamisha au kumfukuza. Hakina gereza, na hakipaswi kutamani kuwa nalo. Kadhalika kizuizini si adhabu ya jinai. Sheria ya mwaka 1962 ya kuwaweka watu kizuizini ilimruhusu Rais kumzuia mtu bila mashitaka, yaani bila kosa kuthibitishwa. Ni mamlaka ya kisiasa, na tusiyachanganye na hukumu.

Mikononi mwa wananchi na viongozi

Ulinzi wa nchi ni wajibu wa umma wote. Ndivyo sungusungu walivyozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika vijiji vya Usukuma na Unyamwezi, wananchi walipochoshwa na wezi wa ng'ombe. Mwaka 1989 sheria za mgambo zilirekebishwa ili kuwatambua vikundi hivyo na kuwapa uwezo wa kukamata. Kukamata, siyo kuhukumu. Kikundi kinachomkamata mwizi na kumfikisha polisi kimeitumikia jamii. Kikundi kinachomcharaza, kumtoza faini ya ng'ombe au kumwua, kimetenda jinai kubwa kuliko ile kilichokusudia kuizuia. Ni hivyohivyo kwa "wananchi wenye hasira" wanaomchoma kibaka kwa tairi, na kwa wale waliowaua bibi vizee wenye macho mekundu, macho yaliyofanywa mekundu na moshi wa jikoni, kwa kuwadhania wachawi. Mahakama zimekataa tangu enzi za ukoloni kwamba imani ya uchawi, kwa yenyewe, ni utetezi wa mauaji.

Wakuu wa mikoa na wilaya nao wana mpaka. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inawapa uwezo wa kuamuru mtu akamatwe, na wengi huijua sehemu hiyo tu. Sehemu inayosahauliwa inasema kwamba lazima awe mtu anayeelekea kuvunja amani kwa namna isiyoweza kuzuiwa vinginevyo, au ametenda kosa la kukamatwa. Kwamba asipofikishwa mahakamani katika saa 48 aachiwe. Na kwamba mkuu anayetumia vibaya uwezo huo anaweza kushitakiwa yeye mwenyewe. Kuchelewa kikao, kujibu kwa ukali, au kuuliza fedha za zahanati zimekwenda wapi, hakumo humo.

Na yule wa mchango wa darasa? Kama halmashauri ya kijiji ilitunga sheria ndogo, na sheria hiyo ikaidhinishwa na halmashauri ya wilaya, basi aliyekataa anaweza kupelekwa Mahakama ya Mwanzo, akasikilizwa, akatozwa faini iliyotajwa. Kama hakuna sheria ndogo, hakuna kosa. Na kwa hali yoyote mtendaji si hakimu: hawezi kuchukua mbuzi wa mtu, wala bati lake, wala kumlaza chumba cha stoo.

Limebaki jambo moja linalotukera. Kifungu cha 8 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kutojua sheria si utetezi. Kanuni hii haina mbadala, kwani bila hiyo kila mshitakiwa angedai hakujua. Lakini kwa miaka mingi baada ya Uhuru tuliidai kwa wananchi ambao sheria yenyewe iliandikwa kwa Kiingereza. Mahakama za Mwanzo ziliendesha mashauri kwa Kiswahili, ila kitabu kilichokuwa mezani pa hakimu na hukumu za mahakama za juu hazikuwa katika lugha ya mshitakiwa. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kazi ya kutafsiri ni ya wanasheria. Kazi ya kukifikisha kitabu hicho katika tawi, kukisoma kifungu kwa kifungu na wanachama na wasio wanachama, na kumwachia mwenyekiti wa kitongoji nakala yake, ni yetu.